Risala ya Klabu ya Wavumbuzi kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kufika wewe mwenyewe. Mgeni wa mwaka jana alituma mwakilishi.

Klabu yetu ilianza na wanachama saba na betri moja. Leo tunajivunia mtandao wa mawasiliano kati ya darasa letu na ofisi ya walimu. Ni makopo mawili na uzi, na unasikika vizuri pasipokuwa na upepo.

Mafanikio mengine ni mdahalo wetu: nani anastahili sifa ya kuvumbua simu? Wengi tuliingia na jina moja, Alexander Graham Bell. Wapinzani wakamleta Antonio Meucci, Mwitaliano aliyehamia Marekani, ambaye mwaka 1871 aliwasilisha taarifa ya kusudio, yaani notisi kwamba atakuja kuomba hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake), katika ofisi ya hataza kuhusu telegrafu ya sauti. Kuihuisha kila mwaka ilikuwa dola 10. Baada ya 1874 hakuihuisha tena, ikafa. Februari 14, 1876, karatasi za Bell na za Elisha Gray, mvumbuzi mwingine wa Marekani, zikafika ofisi hiyo siku moja: Bell ombi kamili, Gray taarifa tu. Machi 7 Bell akapewa hataza namba 174,465. Siku tatu baadaye akamwita msaidizi wake, Watson, kupitia waya, kwa kifaa cha kimiminika kinachofanana mno na kile alichokieleza Gray. Hapo ukumbi ulichafuka, mwenyekiti akagonga meza hadi rula ikavunjika.

Mwaka 2002 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha azimio la kumuenzi Meucci, na Bunge la Kanada likajibu kwa kumtetea Bell. Meucci alifariki 1889. Pongezi zilizochelewa miaka 113 hazimlipii mtu dola 10.

Hatukuafikiana. Ila jambo moja hakuna aliyelipinga: daftari la Bell, lenye maelezo ya Machi 10, 1876, lipo hadi leo katika Maktaba ya Bunge la Marekani.

Letu, Mheshimiwa, lilikuwa chini ya ngazi, ndiko iliko karakana yetu. Mvua iliponyesha kwa upepo, ukurasa ambao mwenzetu alichora swichi inayozima taa mtu wa mwisho akitoka darasani ulilowa. Wino wa bluu umetawanyika kama ramani, na kwenye tarehe imebaki tarakimu moja, 1, ambayo nayo huenda ni 7. Mwanafunzi mwingine aliposema wazo lile ni lake, hatukuwa na cha kumwonyesha. Mwenye swichi ameacha kuja klabuni.

Kwa hiyo ombi letu ni moja tu, hatukutaka kukuchosha: chumba. Chenye paa, mlango, kufuli na kabati. Kile cha mwisho kwenye jengo la zamani kinatosha, kinakosa paa na mlango tu.

Ombi hili si geni. Mgeni rasmi wa mwaka juzi alikipima chumba hicho kwa hatua, kumi na mbili kwa nane, akasema, "Hilo lihesabuni limekwisha." Tukampigia makofi, tukahesabu. Mwakilishi wa mwaka jana aliahidi kulifikisha panapohusika. Hatumlaumu mtu, huenda bado yuko njiani. Tunachoomba kwako, kwa unyenyekevu mkubwa, ni fundi na siku atakayoanza. Kupima tumeshapimiwa.

Risala hii tumeichapa nakala mbili, kila moja ina tarehe na saa. Tunaomba utusainie moja kuwa umeipokea. Mwalimu Mkuu amekubali kuitunza ofisini kwake, kwani huko hakuvuji.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanachama