Nilikula kwa hela ya mke wangu, na bado sijamwambia

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa nyumbani Sakina, hapa Arusha. Watoto wamelala, mama yao naye amelala, na mimi nimekaa jikoni na daftari langu. Naomba jina langu lisitokee. Nina miaka 36, mke mmoja na watoto wawili, na kwa miaka minne sasa nyumba hii imekula, imelipa kodi na ada kwa kazi yangu moja: kucheza poka. Najua wapo watakaokunja uso hapa na kusema huyu mcheza kamari anataka huruma. Naomba wanisome mpaka mwisho ndipo wanihukumu.

Zamani nilikuwa dereva wa watalii. Poka nilifundishwa mwaka 2016 na wageni wangu wazee kutoka Uingereza, jioni moja ya mvua tukiwa Karatu, barabara ya kupandia Ngorongoro imeharibika na hakuna pa kwenda. Tulicheza kwa njiti za kiberiti. Mimi nimekulia Kibosho, arubastini na lasti kadi naijua tangu mtoto, nikadhani hii nayo ni karata tu. Wale wazee walinimaliza njiti zote mara tatu, kisha mmoja akaanza kunionyesha hesabu yake, na hesabu ile ndiyo iliyonishika. Mwaka 2020 corona ilipofunga viwanja vya ndege, kampuni ikaturudisha nyumbani sote. Nilikaa mwaka mzima nikibangaiza, huku usiku nikijifunza kwenye simu. Mwaka 2021 nikaanza kukaa mezani kwenye kasino moja ya hapa mjini, na miezi sita baadaye nikawa sina kazi nyingine.

Naomba nieleze kazi yenyewe, maana bila hivyo tatizo langu halitaeleweka. Kwenye mashine na ruleti unacheza na nyumba, yaani kasino yenyewe, na nyumba ndiyo iliyopanga hesabu. Ukikaa muda mrefu utaliwa tu. Kwenye poka mnakulana wenyewe. Nyumba inakata kamisheni yake kwenye kila mzigo, yaani hela zote zilizowekwa katika mgao mmoja, na haijali nani kaondoka na furaha. Kila mtu anapewa karata mbili za siri, halafu zinafunguliwa tano mezani za wote: kwanza tatu kwa pamoja, kisha moja, kisha moja ya mwisho. Katikati ya hapo kuna kupandisha dau, kufuata, yaani kuweka sawa na mwenzako, kutupa karata, na kupiga mkwara, yaani kujifanya una karata nzuri. Anayedhani kazi ni mkwara amekosea. Kazi ni kutupa karata. Usiku mzuri natupa karata zaidi ya zile ninazocheza, nakaa kimya natazama wenzangu wanavyoweka hela.

Na kazi hii ni ya polepole mno. Mgawaji anagawa mara 25 mpaka 30 kwa saa. Ree mbili, ambazo ndizo karata bora za kuanzia, kwa wastani zinakuja mara moja katika migao 221, yaani unaweza kukaa saa nane nzima ukazipata mara moja tu, au usizipate kabisa. Ndiyo maana usiku mmoja hausemi chochote, na hata mwezi hausemi chochote. Mchezaji mzuri anaweza kuliwa miezi mitatu mfululizo bila kukosea mahali, na mjinga akala miezi mitatu. Anayecheza kwenye intaneti meza nne kwa wakati mmoja anaimaliza migao yangu ya mwaka mzima ndani ya wiki chache na kujua amesimama wapi. Mimi nasubiri mwaka.

Kwa hiyo nina daftari. Kila usiku naandika tarehe, saa nilizokaa, niliingia na shilingi ngapi, nilitoka na ngapi, na pembeni kosa nililofanya, hata kama nimekula. Hilo la kosa ndilo muhimu. Mzee yule wa Karatu aliniambia nisijipime kwa hela niliyorudi nayo, nijipime kwa uamuzi nilioufanya kabla karata haijafunguka. Nimeishi kwa neno hilo.

Miezi mizuri ilikuwepo, sitadanganya. Msimu wa watalii kuanzia Juni hadi Oktoba mji unakuwa na hela, na meza inajaa: wenye kampuni za utalii, wafanyabiashara wa tanzanite, wahandisi wa kigeni. Agosti moja niliingiza milioni 2 na laki 9. Nilimnunulia baba ng'ombe wa maziwa, na Desemba ile tulipopanda nyumbani Kibosho nilichinja mbuzi mwenyewe. Baba anajua nina biashara. Biashara gani, hajauliza, na mimi sijasema.

Masika meza inabaki na sisi wenye njaa. Watu wa kucheza kwa starehe hawapo, tunabaki watano sita tunaojuana kila kona, na kamisheni ya nyumba inatula sote. Masika ya mwaka huu yalinikuta tayari nimechoka. Februari nilikuwa na ree mbili, mwenzangu ana kingi mbili, hela zote zimeingia kabla haijafunguliwa karata hata moja. Rudia jambo hilo mara 100, mwenye ree anakula kama mara 82. Kingi ya tatu ikatoka kwenye karata ya mwisho, na laki 9 zangu zikavuka meza. Shangazi, usiku ule nilipanda bodaboda mpaka Sakina, nikamwambia mke wangu, "Nimeliwa, lakini nilicheza sawasawa," nikalala usingizi mzito. Nakuomba ukumbuke usingizi huo.

Mtaji wangu ulikuwa milioni 8. Kufikia Aprili ulikuwa umebaki milioni 1 na laki moja. Kanuni yangu ni kutokaa mezani na zaidi ya sehemu moja ya ishirini ya mtaji, na kiingilio cha meza yetu ni laki 2, maana yake chini ya milioni 4 sina ruhusa yangu mwenyewe ya kukaa pale. Wenzetu wa intaneti mtaji ukipungua wanahamia meza ya dau dogo mpaka wapone. Hapa ninapocheza meza ni moja. Ama unakaa, ama unabaki nyumbani. Nilibaki nyumbani wiki tatu, na wiki hizo tatu kodi haikunisubiri.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike.

Mke wangu ni fundi cherehani. Yeye na wenzake wana kikoba, na mwezi wa nne walikivunja wakagawana. Fungu lake lilikuwa milioni 1 na laki 8 na elfu 60. Ameliweka akiba mwaka mzima kwa ajili ya mashine ya overloki, maana sasa hivi nguo zake anazipeleka kumalizia kwa mwenzake na faida inaishia huko. Simu yake ilikuwa imeharibika kioo, akaniambia niziweke kwenye simu yangu mpaka tutakapokwenda kununua. Hakunihesabia mara mbili, wala hakuniambia "usiziguse." Dada zake walishamwambia mara nyingi kwamba ameolewa na mcheza kamari, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa akinitetea. Anawaambia, "Mume wangu ana daftari. Nyie wa kwenu wana madaftari?"

Ijumaa moja ya mwezi huo huo nilitoka kwenda mjini kuonana na mtu aliyekuwa na deni langu. Hakutokea. Nikawa karibu na Mnara wa Saa, saa mbili usiku, na nikasikia kwamba meza imekaa vizuri, kuna wageni wawili wanaocheza kila karata. Nilikwenda kwa wakala nikatoa laki 4. Sikutoa kwenye mtaji wangu, kwa sababu mtaji ule nilijiapiza kutougusa. Angalia akili ya mtu inavyofanya kazi: nilijikataza kugusa hela yangu, nikagusa ya mwenzangu.

Laki 4 zilikwisha chini ya saa moja. Nikatoka nikamkuta wakala anafunga, nikambembeleza, nikatoa milioni moja.

Saa nane usiku nilikuwa nimebaki na laki 7. Nina kopa mbili mkononi, zimefunguka karata tatu mezani, mbili ni kopa. Mzigo una laki 3. Mzee mmoja aliye mbele yangu akaweka laki 7. Kopa ziko 13, nne naziona, zimebaki tisa ambazo sijui ziko wapi. Karata mbili bado kufunguliwa. Karata tano za aina moja ndizo ningeshindia, na uwezekano wa kopa ya tano kutoka ni kama 35 katika 100. Ili niweke laki 7 kufuata mzigo wa milioni moja, nilihitaji zaidi ya 41 katika 100. Hesabu hii naifanya kama mtu anavyosoma saa. Niliijua. Nilijua pia kwamba ni hela ya overloki. Nikafuata.

Kopa ikatoka karata ya mwisho.

Nilivuta mzigo, kasoro kamisheni, milioni 1 na laki 6 na elfu 80. Yule mzee alinyanyuka bila kusema neno. Sijui hela yake ilikuwa ya nini nyumbani kwake, na siku zote najizuia kuuliza, maana ukianza kuuliza huwezi tena kukaa meza ile. Usiku ule niliuliza.

Asubuhi niliirudisha milioni 1 na laki 4 kwenye simu, ikabaki faida ya laki 2 na elfu 80. Nilinunua nyama kilo tatu, nikalipa deni la duka, nikamnunulia binti viatu vya shule. Mke wangu alipoona akasema, "Mungu akubariki, baba watoto, nilijua mvua itapita." Nikaitikia amina. Tangu siku hiyo sijalala kama nilivyolala ile Februari. Na ukurasa wa usiku ule kwenye daftari ni mweupe. Ndio pekee mweupe katika miaka minne.

Mtu mmoja tu nimemweleza, kaka yangu aliye Moshi. Amenishangaa. Anasema hela imerudi yote, nyumba imekula, mke amefurahi, sasa unataka kwenda kumwambia nini? Utavunja nyumba kwa jambo ambalo halikutokea. Anasema kama ningeliwa, hapo ndipo pangekuwa na la kuungama.

Nimelifikiria sana neno lake, Shangazi, na siwezi kulikubali. Kama ni hivyo basi Februari ndiyo niliyokosea, na Aprili ndiyo niliyofanya vizuri. Jambo nililofanya lilikwisha pale nilipoinuka kwenda kwa wakala. Kopa iliyotoka baadaye haikubadilisha kitu. Kinachoniogopesha ni kwamba nilikula. Ningeliwa ningekuwa nimeshatubu kwa machozi na kuacha. Sasa kuna sauti inayoniambia kwamba inawezekana.

Nilisoma habari za Mmarekani mmoja, Stu Ungar, aliyechukua ubingwa mkubwa wa poka kule Las Vegas mwaka 1980, 1981 na tena 1997. Mwaka 1998 alikutwa amekufa kwenye chumba cha moteli mjini humo humo, karibu hana kitu. Karata hazikumshinda. Fedha aliyoshinda aliimaliza kwenye farasi, kamari nyingine na dawa za kulevya. Sijifananishi naye kwa kipaji. Namtaja kwa sababu zamani nilidhani kujua hesabu kunamlinda mtu, na usiku ule hesabu nilikuwa nayo kichwani nzima.

Bosi wangu wa zamani amenipigia. Msimu unaanza, anahitaji dereva, posho ya siku na bahashishi kama zamani. Nimemwomba muda wa kufikiri. Nikirudi barabarani, ule mtaji wa milioni 1 na laki moja nimkabidhi mke wangu? Au nikimkabidhi bila kumwambia sababu, nitakuwa nimemfanya mlinzi wa jambo asilolijua?

Swali langu kubwa ni la kumwambia. Nimwambie kabla ya kwenda safari, au nirudi kwanza na mshahara mkononi ndipo niseme? Nikisema kabla, ataumia nami sitakuwepo wiki mbili, na dada zake watakuwepo. Nikisubiri, kila siku anayonishukuru inaongezeka juu ya ile ya kwanza. Kina mama mnaosoma, ninyi hasa nawaomba: ingekuwa ni ninyi, mngependa kusikia?

Mwisho wa mwezi ujao tumepanga kwenda naye mjini kununua overloki. Amepata bei, ameshafagia na kupapanga mahali pa kuiweka, karibu na dirisha. Tutasimama kwa wakala pamoja, nitafungua simu mbele yake, na meseji za Aprili zipo zote: ya laki 4, ya milioni moja, na ya kurudisha asubuhi. Juzi nilikaa nazo mkononi nikitaka kuzifuta. Sikuzifuta.

Msomaji wenu,
Sakina, Arusha