Jumamosi: kufunga ringi za pistoni na supachaja (pampu ya kusukumia hewa ndani ya injini)

Habari zenu wanakikundi. Tunakutana Jumamosi saa 3:00 asubuhi, gereji ile ile, si Jumapili tena. Silinda zimesharudi kutoka kwa fundi mchongaji, kipenyo kimetoka 70 mm.

1. Ringi kwanza. Iingize ndani ya silinda, isukume kwa pistoni ikae sawa, kisha pima mwanya kati ya ncha zake kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi): uwe 0.42 mm. Ukikuta 0.25, piga tupa taratibu, upande mmoja tu. Supachaja inaongeza joto, na ringi inatanuka. Ncha zikigusana ringi inavunjika na kukwaruza silinda yote.

2. Puli mbili zikae mstari mmoja, la sivyo mkanda unalika pembeni.

3. Vali ya usalama kwenye manifoldi ya kuingizia (mabomba ya kupeleka hewa kwenye silinda) haina mjadala. Injini ikicheua moto bila hiyo, supachaja ndiyo inayopasuka.

Mwenye fila geji au spana ya toki (ya kukaza kwa nguvu iliyopimwa) aje nayo. Gasketi ninazo. Mafuta safi ya injini nusu lita, ya kupaka pistoni, nani analeta?

Kuwasha ni wiki ijayo, msije na haraka ya kusikia mlio 😄

Naomba mthibitishe hapa kabla ya Alhamisi jioni: unakuja au huji, na unaleta nini.