Mwanangu, ukifika Kilwa usitafute menyu

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka nyumbani Njombe. Sisi hatujambo, ila baridi imeshika na bibi yako haondoki tena jikoni. Ujumbe wako nimeupata, kwamba chuo kimekupangia fildi Kilwa Masoko, Julai hadi Agosti. Nimefurahi. Nikaziona na zile picha za hoteli ya ufukweni, kambakochi amelazwa juu ya majani ya saladi, bei yake inatosha karo ya mdogo wako ya tuisheni mwezi mzima, na chini umeandika: "Mama, samaki kule ni ghali hivi, nitaishije?" Nikaona kwa simu haitawezekana, vocha itaniishia kabla sijafika kwa pweza. Basi soma taratibu.

Kilwa mimi naijua kwa sababu ya viazi. Mzigo wetu ukishapita Songea, Tunduru na Masasi na kushushwa Lindi, huwa naendelea mpaka Kilwa kukusanya madeni, na madeni ya viazi unayajua. Mtu anakwambia njoo kesho, kesho anakwambia njoo baada ya Alasiri. Katika kungoja huko ndiko nilikojifunza kula vitu vya baharini, mimi niliyekuzwa kwa maharage na dagaa wakavu wa Nyasa.

Hoteli ya kwenye picha zako ina kila kitu, kila siku, mwaka mzima. Kamba wapo, nguru yupo, ngisi yupo, iwe mvua iwe upepo. Hapo unalipia friza, jenereta na mtu wa kukuvutia kiti. Wewe tafuta mahali pasipo na menyu kabisa. Unaingia, unatoa shikamoo, unauliza leo kuna nini. Ukijibiwa "leo changu na ngisi, basi," kaa chini. Hao ndio waliotoka majini alfajiri, na mpishi hana pa kuwaweka mpaka kesho, kwa hiyo atakuuzia kwa bei ya kuwamaliza.

Ninapokula mimi ni nyuma kidogo ya soko, banda la makuti, meza ndefu na mabenchi, ndoo ya maji yenye bomba pembeni kwa ajili ya kunawa. Wanakula pale wavuvi, madereva wa bajaji na makarani wa halmashauri. Mpishi ni mama mtu mzima, mji mzima wanamwita Bi Mkubwa. Siku moja nilikuwa nimewahi, nikamwona akipokea samaki kutoka kwa kijana aliyetoka diko, pale wavuvi wanaposhusha samaki, na mtungo wa changu begani. Hakuuliza bei kwanza. Alimshika kila mmoja, akambonyeza kwa kidole gumba karibu na mgongo kuona kama nyama inarudi au inabaki na shimo. Akafunua mashavu kwa ukucha aone wekundu. Akatazama macho. Mmoja akamchomoa kwenye mtungo akamrudishia kijana, "Huyu kalala." Kijana akacheka, maana kweli alikuwa wa jana. Ndipo wakaanza kuongea hela.

Na alivyowapika, mwanangu! Akawachanja ubavuni, akawapaka kitunguu saumu, chumvi na ndimu, akawakaanga wakauke kidogo tu. Pembeni alikuwa na kikaango cha nyanya, kitunguu, bizari na vipande vya embe bichi. Tui la kwanza akalitia mwishoni kabisa, anakoroga polepole bila kuacha, moto umepunguzwa kuni mbili, kwa sababu tui likiachiwa lichemke ovyo linakatika, mafuta huku maji kule. Samaki wakarudishwa humo dakika chache. Wali wa nazi, mchicha, pilipili ya ndimu ya kwenye chupa ya soda. Shilingi 4,000. Vibua wa kukaanga na ugali wa muhogo ni chini ya hapo. Pigia hesabu na chipsi kuku unazokula Dodoma kila jioni, maana najua unazila.

Sasa usije ukafika ukakuta sahani imepanda ukadhani mama yako kakudanganya. Unakwenda wakati wa kusi, ule upepo wa kutoka kusini. Mwezi wa saba upepo unavuma kwelikweli, na vyombo vidogo, ngalawa na mitumbwi, havitoki nje ya mwamba kila siku. Samaki wa maji makubwa, nguru na jodari, wanakuwa wa kubahatisha. Siku hizo usimng'ang'anie Bi Mkubwa akupe nguru. Kula kaa wa kwenye mikoko, kula samaki wadogo wa ndani ya ghuba, kula ng'onda, wale samaki waliopasuliwa na kukaushwa, wa mchuzi. Mimi ng'onda wa nazi na ukwaju siku ya upepo simbadilishi na nguru wa friza hata kidogo.

Mwezi wa angani nao utakupangia chakula. Dagaa wa baharini huvuliwa usiku kwa taa, na taa haina kazi mbalamwezi ikiwaka, kwa hiyo giza ndilo msimu wao. Pweza wao hutegemea bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Maji yakipwa sana mwamba unabaki wazi, kina mama wanashuka na vijiti vyao, wanachungulia kila tundu. Hizo ndizo siku za kula pweza. Katikati ya hapo, kwenye maji mafu, ukiona pweza tele mahali uliza ametoka wapi.

Nilimkataa pweza muda mrefu, nikiri au nisikiri utaambiwa na shangazi yako. Ile miguu na vile vidude vya kunyonya vilinishinda. Aliyenigeuza ni supu ya jioni ya barabarani, pale vijana wanapoweka sufuria juu ya jiko la mkaa na kukata vipande kwa mkasi. Pweza mbichi hupigwa kwanza kwenye jiwe mpaka alainike, kisha anachemshwa kwa maji yake mwenyewe yanayomtoka, chumvi baadaye. Asipopigwa vizuri unatafuna kandambili. Akipigwa vizuri, na ndimu, na pilipili kichaa, utasahau unadaiwa. Wanaume wa pale watakupa na hadithi zao kuhusu nguvu za supu hiyo. Wasikilize, kunywa supu yako, rudi nyumbani ukalale.

Usishangae pia ukiambiwa mwamba fulani umefungwa. Vijiji kadhaa vya pwani yetu hujiwekea utaratibu wa kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi mitatu hivi ili pweza wakue. Pweza haishi muda mrefu, mwaka au zaidi kidogo, lakini hukua upesi ajabu, hivyo miezi michache inabadilisha uzito wake kabisa. Anayekuuzia pweza wa kwenye mwamba uliofungwa anawaibia wenzake, na wewe ukimnunua mmeiba wote wawili.

Pengine utajiuliza, kama bahari iko hapo mlangoni, mbona nguru wakubwa na pweza wa maana hawaonekani bandani. Wanakwenda. Mawakala wanasubiri diko na mizani, pweza anakwenda viwandani na kutoka huko anasafirishwa mpaka Ulaya. Samaki wakubwa wanapakiwa na barafu kwenda Dar es Salaam, na tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe pale Rufiji mwaka 2003, gari halingoji tena kivuko. Kwa mvuvi ni heri. Kwa mlaji wa Masoko ni kwamba wadogo ndio wanaobaki, na kwa ulimi wangu wadogo ndio watamu: tasi, changu, kolekole wa saizi ya kiganja, ngisi. Waachie Ulaya hao wa kilo tatu.

Sasa hapa nisikilize vizuri, maana wewe una tabia ya kuonja kila kitu. Kasa usile. Ni mnyama anayelindwa na sheria, na zaidi ya hapo nyama yake inaweza kuwa na sumu isiyotoka kwa kuchemsha. Machi 2024 watu tisa walikufa Kisiwa Panza, Pemba, baada ya kula kasa, wanane kati yao watoto. Atakayekwambia "sisi tunakula siku zote" mshukuru na uondoke. Bunju pia usimguse, yule samaki anayejijaza upepo akawa mpira, hata mtu akikwambia anajua kumsafisha. Jodari, nguru na vibua waliokaa juani saa nyingi hugeuka, na moto hautoi kinachodhuru. Ukila ukahisi ulimi unawasha, uso unakuwa mwekundu na moyo unakwenda mbio, acha sahani na nenda zahanati. Kamba na kaa anza kidogo, hatujui kama mwili wako unapatana nao, kwetu hawapo.

Samaki wa baruti, wale wanaovuliwa kwa kulipuliwa, siku hizi wamepungua sana, lakini uwajue. Ukimpasua, mifupa imekatika ndani, damu imevilia, nyama inasambaratika kabla ya kupikwa. Kama mpishi wako ni mtu wa kubonyeza samaki kwa kidole gumba, hilo atalijua kabla yako.

Kuhusu bei. Uliza kabla hujakaa, hiyo si aibu, kila mtu anauliza. Ukiona kwako imeongezwa kwa sababu ya lafudhi yako ya bara, taja kwa upole bei aliyolipa mwenzako, watacheka na kushusha. Ila usipatane na mama lishe mpaka tone la mwisho. Nimewaona vijana wa mjini wanabishana nusu saa juu ya shilingi 500, kisha wanakwenda kununua soda ya baridi ya 1,000 bila kuuliza. Mama yule ameamka saa kumi usiku, nazi kakuna mwenyewe, kuni kanunua, na siku ya upepo analala na hasara. Kama sahani ni 4,000 na imekushibisha, toa 4,000. Ukishakula pale wiki moja utaanza kuona kipande kinakua chenyewe, na siku hela ya chuo ikichelewa utakula na kulipa baadaye. Hiyo ndiyo akiba yako Kilwa, usiiharibu kwa ubishi.

Adabu za mezani unazo. Nawa, kula kwa mkono wa kulia, wasalimie uliowakuta. Ijumaa mchana utakuta pamefungwa, watu wamekwenda msikitini, kwa hiyo kula mapema au ngoja. Pombe usiingie nayo, hata kwenye mfuko.

Safari yenyewe ni rahisi. Kutoka Dar, usipopata basi la moja kwa moja la Masoko, panda la Lindi au Mtwara, ushuke Nangurukuru, pale pana magari madogo. Kabla ya Nangurukuru mtapita Somanga na mabasi mengi husimama. Wachuuzi watakuja dirishani na sinia za samaki wa kukaanga na pweza. Shuka uchague mwenyewe, wa dirishani humwoni vizuri na gari likiondoka chenji yako imebaki.

Siku ukipata nafasi vuka uende Kilwa Kisiwani, kibali wanatoa Masoko. Magofu ya ule msikiti mkuu na ya Husuni Kubwa, kasri la zamani la sultani, ni vitu vya kuona kwa macho, UNESCO iliviweka kwenye urithi wa dunia mwaka 1981. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika huko mwaka 1331 akausifu sana mji. Vuka asubuhi, mchana upepo wa kusi unachafua maji na wewe kuogelea hujui.

Ukifika, nenda kwa Bi Mkubwa mwambie wewe ni mtoto wa mama viazi. Mwambie pia gunia lake nitalituma na gari la mwisho wa mwezi, asinunue kwa mtu mwingine. Na wakati wa kurudi, mletee bibi yako ng'onda, ila wafunge kwenye ndoo yenye mfuniko mzuri, kondakta akisikia harufu atakushusha njiani.

Mimi mama yako,
Njombe