Kwa mpwa wangu wa Wete: ree mbili hazifichwi

Mpwa wangu,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako nimeupata, na picha ya simu uliyonitumia nimeitazama mpaka nikaelewa kilichokutoa mashindanoni. Nakujibu hadharani kwa sababu vijana wengi wa Wete, Chake na hata huku Unguja wanacheza poka ya kwenye simu kama wewe, na wanaanguka palepale ulipoanguka. Lakini kwanza hili: mashindano yenu ni ya bure, haiingii shilingi wala haitoki, na yabaki hivyo. Siku mtakayoambiwa mtie pesa, hiyo ni kamari, na mimi simo.

Tuje kwenye karata. Ulikuwa na kete 3,000 na dau kubwa la lazima, lile analotia mmoja wenu kabla karata hazijagaiwa, lilikuwa 100. Ukagaiwa ree (ace) mbili, ya kopa na ya shupaza. Katika poka ya Texas hakuna karata mbili za kuanzia zinazozipita hizo. Kwa wastani mtu huzipata mara moja katika migao 221. Wewe ukalifuata dau kimya kimya, kama mtu asiye na kitu. Wakaingia wengine wanne, na mmoja wao ni yule mwenye dau kubwa, ambaye hakuongeza hata kete moja. Zikafunguliwa mezani, karata za wote, tisa, nane na sita. Yeye alikuwa ameshika tisa na nane, basi akawa na jozi mbili dhidi ya jozi yako moja. Ukaweka zote, akakufuata, ukatoka.

Unaniuliza kama ilikuwa bahati mbaya. Bahati imo, lakini mlango uliufungua wewe.

Tabia hiyo najua umeitoa wapi. Sisi tumekulia kwenye wahedusitini, mchezo wetu wa karata wa barazani. Pale mtu anatafuta sitini na moja yake, na mwenye turufu kubwa huikalia: anaangusha vidogo, anavumilia, anangoja mezani pawe na mali, kisha anaipiga chini watu wote wasikie. Na ana haki ya kuikalia, maana ree ya turufu ukiiweka mpaka mwisho inabaki ree ya turufu. Hakuna wa kuila. Poka si hivyo hata kidogo. Ree mbili ni jozi tu. Ni kubwa kuliko zote kabla ya karata 5 za mezani kufunguliwa, na kila inayofunguliwa inampa mwenzako nafasi ya kukupita. Subira inayokupa heshima barazani, huku inakula nguvu yako.

Tazama hesabu. Ree mbili zikikutana na mtu mmoja mwenye karata zozote, zinashinda takriban mara 85 katika 100. Wakiwa wanne mbele yako, zinashuka mpaka karibu 56. Wakiwa wanane, 35 hivi. Mtu anayecheza poka ya pesa mezani anaweza kukwambia kwamba wengi wakiingia hata kitita kinakuwa kikubwa, na hasemi uongo: akipoteza, atatia mkono mfukoni aendelee. Wewe uko mashindanoni. Kete zikikwisha unanyanyuka, na hakuna pa kununua nyingine. Ndiyo maana kete unayoipoteza ina uzito kuliko ile unayoipata.

Kwa hiyo ulitakiwa upandishe dau pale pale, mpaka 250 au 300. Wala si kuwafukuza wote. Wa kufuata yupo karibu kila mara, mwenye jozi yake ya kumi au mwenye ree na bibi anayejiona yuko vizuri, na huyo ndiye unayemtaka, alipie kuingia huku wewe ukiwa mbele. Mwenye tisa na nane angelazimika kuamua kama atie kete zake, badala ya kukaribishwa bure. Angefuata, bado ungekuwa mbele yake karibu mara 80 katika 100. Na kama kuna aliyekwisha kupandisha kabla yako, mpandishie tena, kiasi cha mara tatu ya alichoweka.

Kuficha kuna siku yake, sikatai. Ukijua nyuma yako yupo mtu asiyeweza kuona dau dogo bila kulipandisha, mwache apandishe kisha umrudishie. Lakini ni lazima uwe umemtazama mtu huyo muda mrefu. Wengi wanaoficha hawajamtazama mtu yeyote. Wanaona raha tu ya kushika siri.

Ree na mzungu wa nne (mfalme) ni jambo jingine, na hapa vijana mnachanganya. Zinapendeza machoni, lakini bado si jozi, na karata tatu za kwanza za mezani zinakupa jozi kama mara moja tu katika tatu. Hata hivyo hizo nazo zipandishie. Zikikosa na mwenzako akashikilia kwa kuweka kete nyingi, zitupe bila uchungu.

Tena kabla hujazitazama karata zako, tazama kete zako. Gawa ulizo nazo kwa dau kubwa. Wewe ulikuwa na 30, nafasi ya kutosha. Zikishuka kwenye 10 au chini yake, habari za kupandisha kidogo kidogo zimekwisha: ukipata karata nzuri unaweka zote, au unatupa. Madau ya lazima yanapanda kila baada ya muda, na anayengoja ree mbili mpaka zije atakuwa ameliwa na madau hayo.

Mahali pamoja tu ndipo ree mbili hutupwa: mashindano ya kufuzu, ambayo zawadi ni nafasi sawa kwa wote waliobaki. Kama nafasi ni 10, mmebaki 11, na wewe una kete tele, huna sababu ya kugongana na mwenye nyingi kama wewe. Mashindano ya aina hiyo ndiyo yaliyomtoa Mmarekani Chris Moneymaker, aliyeingia kwa dola 86 akaja kushinda ubingwa wa dunia Las Vegas mwaka 2003 katika wachezaji 839, akachukua dola milioni 2.5. Habari yake utaisikia kila pahali, na imewavuta wengi kutia pesa zao. Waliotia wasipate kitu hawatangazwi, na ninakuomba sana uwafikirie hao kwanza.

Ukipata karata nyingine za kuuliza, usinitumie picha ya mwisho peke yake. Niandikie una kete ngapi, dau kubwa ni ngapi, umekaa wapi mezani, na nani alitangulia kuweka nini. Msalimie mama yako.

Mjomba wako