Mama naye apimwe mapigo ya moyo siku ya kliniki ya mtoto

Mhariri,

Siku ya kliniki katika zahanati nyingi za Dodoma, iwe mjini, Bahi au Kongwa, mtoto hupimwa uzito, huchomwa chanjo na kadi yake hujazwa. Mama aliyembeba huulizwa kama ananyonyesha na kama ameanza uzazi wa mpango, basi. Tunaomba aongezewe dakika mbili: moja ya kuhesabiwa mapigo ya moyo, nyingine ya kuulizwa kama anakonda huku anakula vizuri, kama mikono inamtetemeka, na kama usingizi unampaa hata mtoto akiwa amelala. Tunayaomba haya kwa sababu ya tezi ya shingo.

Tezi hiyo, wengine huiita dundumio, imekaa mbele ya koo chini kidogo ya kongomeo. Hutoa homoni za T4 na T3 zinazopanga mwendo wa mwili mzima: moyo, joto, utumbo, uzito, hata hasira. Wakati wa ujauzito kinga ya mwili hupoa ili isimdhuru mtoto. Baada ya kujifungua hurudi kwa kishindo, na kwa baadhi ya wanawake huigeukia tezi. Makadirio hutofautiana nchi hadi nchi, lakini yanayotajwa mara nyingi ni akina mama 5 hadi 10 katika kila 100 ndani ya mwaka wa kwanza. Aliyewahi kuugua tezi, mwenye kisukari cha aina ya kwanza, au mwenye mama au dada aliyeugua tezi, yuko karibu zaidi na hatari hiyo.

Kinachoficha ugonjwa huu ni kwamba dalili zake zinafanana na uzazi wenyewe. Nani atashangaa mama wa mtoto wa miezi mitatu akikosa usingizi? Akikonda, bibi atasema mtoto ananyonya sana. Akiwa mkali kwa kila mtu, wataanza kutajwa mapepo. Na kwa joto la Dodoma la Oktoba na Novemba, jasho si dalili ya kumfanya mtu aende hospitali. Ndiyo maana swali zuri ni la usiku: je, anajifunua blanketi na kuloa jasho wakati wenzake chumbani wanajikunyata? Mwezi wa Juni au Julai, baridi na upepo wa huku vikiwa vimekaza, jibu la swali hilo lina uzito mkubwa.

Ratiba ya chanjo imekaa vizuri kwa kazi hii. Wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zinaangukia kipindi ambacho homoni huzidi, kwa kawaida mwezi wa kwanza hadi wa sita. Chanjo ya surua ya miezi 9 huweza kuangukia pale tezi ikiwa bado imechoka na homoni zimepungua. Mama anakuja mwenyewe, hatafutwi.

Mapigo yahesabiwe hivi: mama aketi dakika tano, mtoto ashikwe na mtu mwingine, vidole viwili (si gumba) viwekwe kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba lake, na hesabu iende sekunde 60 kamili. Wengi wetu tumezoea kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne. Njia hiyo hukosea kwa urahisi, na mapigo yanayoruka au kupishana, ambayo tezi inaweza kuyaleta, hupita bila kuonekana. Yakizidi 100 akiwa ametulia, endelea. Mwambie anyooshe mikono mbele, vidole vikiwa wazi, umlazie karatasi juu yake. Mtetemo mdogo wa haraka utaonekana kwenye ukingo wa karatasi. Shika viganja: vya tezi huwa vya moto na vimelowa, vya woga huwa baridi. Mpe maji anywe huku ukitazama shingo, kwa kuwa uvimbe wa tezi hupanda anapomeza.

Si kila moyo unaokwenda mbio ni wa tezi, na hapa haraka inaweza kuua. Viganja na kope za ndani vikiwa vyeupe, pima wingi wa damu kwanza. Homa idai kipimo cha malaria na uchunguzi wa maambukizi ya uzazi au ya titi. Kikohozi pamoja na kukonda na jasho la usiku, tuma makohozi yapimwe kifua kikuu. Na mama anayeshindwa kupumua akilala chali, miguu imevimba, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo bila kusubiri kipimo chochote cha homoni, maana huo unaweza kuwa moyo uliolegea kutokana na uzazi.

Kipimo cha kuanzia ni TSH, homoni ya ubongo inayoiamuru tezi ifanye kazi. Tezi ikizidisha, TSH hushuka sana, mara nyingi chini ya 0.1, wakati kiwango cha kawaida ni takriban 0.4 hadi 4.0. Ikiwa chini, ndipo zipimwe T4 huru, yaani ile isiyoshikwa na protini za damu, na T3. Tunasisitiza T4 huru kwa sababu vidonge vya majira vyenye homoni ya estrojeni huongeza T4 ya jumla bila ugonjwa wowote. Jambo jingine dogo linaloharibu majibu: nywele zikianza kudondoka baada ya uzazi, baadhi ya akina mama hununua vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini. Bayotini huzichanganya mashine nyingi za maabara, zikatoa majibu ya tezi iliyozidi kwa mtu asiye na ugonjwa wowote. Visimamishwe angalau siku mbili kabla ya kutoa damu.

Majibu yakionyesha homoni zimezidi, kosa kubwa linalofanyika ni kuandika dawa ya kabimazoli papo hapo. Kuna magonjwa mawili yenye sura moja. La kwanza, ambalo baada ya uzazi ndilo linaloonekana zaidi, ni uvimbe wa tezi usio na maumivu: tezi imejeruhiwa na homoni zilizokuwa ghalani zinavuja. Haitengenezi kupita kiasi, inamwaga. Kabimazoli kazi yake ni kuzuia utengenezaji, kwa hiyo hapa haisaidii kitu; inamsukuma tu mama haraka zaidi kwenye upungufu unaokuja nyuma yake. Huyu anahitaji propranololi ya kutuliza moyo na mtetemo, kwa kawaida miligramu 10 hadi 40 mara tatu kwa siku, ikipunguzwa kadiri anavyopata nafuu. Mwenye pumu asipewe.

La pili ni ugonjwa wa Graves, ambamo kingamwili huichochea tezi itengeneze bila kukoma. Huwa hutulia kwenye ujauzito na kurudi miezi michache baada ya kujifungua. Macho yaliyotokeza, tezi iliyovimba pande zote na kuvuma ukiiwekea kipimo cha kusikilizia moyo, au dalili zilizokuwapo kabla ya mimba, vyote vinaelekeza huko. Kipimo cha kingamwili, TRAb, ndicho kinachokata shauri. Pale kisipopatikana, na mama akiwa hana hali mbaya, rudia T4 huru na T3 baada ya wiki 4 hadi 6: uvujaji utakuwa unashuka wenyewe, Graves itakuwa imekaa pale pale au imepanda. Kipimo cha kumezesha iodini yenye mionzi hakimfai anayenyonyesha.

Mwenye Graves ndiye wa kabimazoli, na hapa tunagombana na ushauri unaotolewa kirahisi mno, kwamba amwachishe mtoto ziwa. Hakuna sababu. Kiasi kinachoingia kwenye maziwa ni kidogo, na dozi ya hadi miligramu 20 kwa siku inakubalika kwa anayenyonyesha. Ameze mara tu baada ya kunyonyesha, dozi ikigawanywa mara mbili, na uzito wa mtoto uendelee kufuatwa kliniki kama kawaida. Propranololi nayo haimzuii kunyonyesha.

Aambiwe mapema kwamba nafuu haiji kwa siku tatu. Homoni zilizo ghalani lazima ziishe, kazi ya wiki 4 hadi 6, ndiyo maana mwanzoni hupewa na propranololi. Vipimo virudiwe kila baada ya wiki 4 hadi 6, na dozi ipangwe kwa T4 huru na T3. TSH huweza kubaki chini kwa miezi hata tezi ikiwa imetulia. Anayeongeza dozi kwa sababu ya TSH peke yake anamtengenezea mama upungufu.

Lipo onyo ambalo tungependa liandikwe kwa kalamu nyekundu kwenye pakiti ya dawa. Kwa watu wachache, pungufu ya 1 katika kila 100, kabimazoli huziangusha chembe nyeupe za damu, hasa katika miezi mitatu ya kwanza. Dalili zake ni koo kuuma, homa au vidonda mdomoni. Huku kwetu homa hupimwa malaria, isipoonekana mgonjwa hupewa dawa ya koo na kurudi nyumbani, akiendelea kumeza kile kile kinachomdhuru. Homa au koo kwa mtu wa kabimazoli maana yake ni kusimamisha dawa na kupima picha kamili ya damu siku hiyo hiyo. Macho yakiwa ya njano, dawa isimamishwe vilevile na ini lipimwe.

Nje ya hapo dawa isiachwe kwa sababu tu mtu amejisikia mzima. Tiba ya Graves huchukua miezi 12 hadi 18. Anayekatiza ghafla, kisha akapata maambukizi au upasuaji, anaweza kuingia kwenye dhoruba ya tezi: homa kali, kutapika, kuharisha, kuweweseka, mapigo zaidi ya 140. Huyo ni wa gari la wagonjwa, moja kwa moja hospitali ya rufaa ya mkoa au Hospitali ya Benjamin Mkapa.

Kuhusu chakula tusirefushe. Chumvi yenye madini joto iendelee kutumika jikoni kama kawaida. Asiongeze matone ya madini joto wala unga wa mwani unaosifiwa mitandaoni, kwani tezi yenye Graves huipa kazi malighafi hiyo. Ugali wa uwele na mlenda haviponyi tezi wala haviiharibu kwa mtu anayekula mchanganyiko wa vyakula. Chai ya rangi nzito na kahawa apunguze, moyo wake tayari una kasi ya kutosha.

Uzazi wa mpango si wa kuahirisha. Kabimazoli katika wiki za mwanzo za mimba inaweza kumlemaza mtoto, kwa hiyo kijiti, sindano au kitanzi kipangwe kabla mama hajaondoka kliniki, na akitaka mtoto mwingine aseme kwanza ili dawa ibadilishwe. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye Graves aangaliwe kwa makini katika wiki mbili za kwanza, hata kama mama alishakatwa tezi zamani, kwa sababu kingamwili hupita kwenye kondo. Mtoto anayenyonya bila kushiba, haongezeki uzito na moyo unakimbia, apimwe homoni.

Yule wa tezi iliyovuja, kati ya mwezi wa nne na wa nane, anaweza kugeuka kabisa: baridi, uchovu, choo kigumu, maziwa kupungua, huzuni inayoitwa uvivu. TSH ikipanda sana, au dalili zikimlemea, hupewa levothairoksini, vidonge vya homoni ya tezi, asubuhi kabla ya kula chochote, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai. Vidonge vya damu vikae mbali nayo kwa muda wa saa nne, la sivyo dawa haifyonzwi, na daktari ataongeza dozi akidhani haitoshi. Wengi hupona ndani ya mwaka. Baadhi hubaki na upungufu wa kudumu, na waliopona nao wanaweza kuupata miaka ya baadaye. Kwa hiyo TSH ipimwe mara moja kila mwaka, na neno “tezi” liandikwe kwenye kadi ya ujauzito unaofuata, siku ya hudhurio la kwanza.

Wahudumu wa afya ya mama na mtoto,
Dodoma