Taarifa ya Mwenyekiti: Huduma ya Simu kwa Vijana Wasio na Hati

Ndugu wanachama,

Hesabu za mwaka atazisoma mhazini. Mimi naomba masikio yenu kwa jambo moja: ushauri wa afya ya akili kwa njia ya simu, kwa vijana waliovuka mto Ruvuma kukimbia vita vya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, vilivyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017. Tunao hapa Mtwara, wanabeba samaki Feri, na karatasi hawana.

Tulianza kwa kosa, na kosa ni letu. Tuliiga mpango wa Shirika la Afya Duniani uliojaribiwa kwa wakimbizi wa Syria nchini Lebanon: masomo matano ya kwenye simu yenye hadithi ya mhusika, na mhudumu asiye daktari anayempigia mtu kama robo saa kila wiki. Mpango mzuri. Ila sisi tukatanguliza fomu: jina, kata, namba ya kitambulisho cha taifa, yaani NIDA. Vijana wakaiona, wakapotea.

Ndugu zangu, laini inasajiliwa kwa alama ya kidole. Asiye na kitambulisho anaazima simu, na anachoandika usiku mwenye simu anakisoma asubuhi.

Fomu tumeiondoa. Kijana anajichagulia jina, anabipu, tunampigia sisi. Akisema "samaki hawajafika", mhudumu anajua kijana hayuko peke yake. Wanaongea bei ya dagaa kidogo, wanaagana. Masomo sasa ni ya sauti, yasikike hata kwenye kitochi, kwa Kiswahili, Kimakonde na Kimwani, lugha ya pwani ya Cabo Delgado. Neno sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, tumeliacha. Wao husema "nawaza sana", nasi tunaanzia hapo.

Kijana mmoja alikuwa akisikiliza zoezi la kupumua taratibu nyuma ya vichanja vya dagaa, simu ya muuza maandazi sikioni. Wiki ya tatu akamwambia mhudumu: "Huyo wa kwenye hadithi ana kitanda. Mimi nalala kwenye mtumbwi." Tulirekodi upya hadithi nzima, na sijutii gharama.

Linaloninyima usingizi ni anayetamka kwamba anataka kufa. Huyo simu haimtoshi, anahitaji hospitali, na hospitali anaiogopa kwa sababu ya kuulizwa hati. Hathubutu kwenda bila mtu mzima wa kumshika mkono. Wasindikizaji tulio nao ni wachache mno, hasa wanaojua Kimwani. Kina mama, wazee wangu, daftari liko kwa katibu. Naomba mjiandikishe kabla korosho hazijaanza kuanguka, maana hapo vijana watatawanyika mashambani na kuwapata itakuwa kazi.

Mwenyekiti