Barua ya wazi kwa Waziri wa Maji: tupimieni maji ya Sabaki

Mheshimiwa Waziri, salamu kutoka Malindi. Nakuandikia hadharani maana hili ni la kila mtu anayefungua mfereji kuanzia hapa, Kilifi mpaka Mombasa.

Maji yetu mengi yanatoka Baricho, visima vya Baricho viko kando ya Mto Sabaki, na Sabaki ukiufuata kwenda juu unaitwa Galana, ukizidi kupanda unaitwa Athi, na Athi ndio unaopokea Mto Nairobi ukishapita jaa la Dandora. Yaani mvua ikiosha jaa hilo la jiji, uchafu unaanza safari ya kuja kwetu. Watu wanapiga kelele kuhusu kinyesi na viwanda, sawa, lakini sijasikia kiongozi akitaja dawa za kulainisha plastiki, hizi wataalamu wanaita thaleti, na iliyozoeleka sana ni DEHP.

Ziko kwenye plastiki laini ya aina ya PVC: ganda la waya wa stima, makoti ya mvua, vitambaa vya meza vya plastiki, hata ile mipira ya kutekea maji. Shida ni kwamba hazijashikana na plastiki yenyewe, zimechanganywa tu, kwa hivyo plastiki ikikaa jaani inapigwa jua na mvua miaka na miaka zinatoka kidogo kidogo. Halafu DEHP haikai sana kwenye maji, inapenda kugandamana na tope, na wewe mwenyewe ukija Malindi msimu wa mvua utaona bahari imekuwa rangi ya udongo mpaka mbali, tope lote hilo limeletwa na mto huu. Najua mchanga wa Baricho unachuja, na huenda maji yako salama kabisa. Basi tuonyesheni kipimo.

Maana hapa mama nyumbani hana la kufanya. Akichemsha haitoki, klorini haiiondoi, inataka chujio la makaa maalum na hiyo ni kazi ya mtambo. Shirika la Afya Duniani, WHO, wameweka kikomo cha DEHP kwenye maji ya kunywa, mikrogramu 8 kwa lita, Marekani ni 6, na kwa wanyama imeonekana inaharibu uzazi, hasa wa dume ambaye bado yuko tumboni. Ulaya tangu 2007 hawaitaki kwenye vitu vya kuchezea watoto. Sisi 2017 tulipiga marufuku mifuko ya plastiki na nilifurahi sana, ila mifuko ile kwa kawaida haitiwi dawa hizi, hizi bado zinaingia tu mtoni.

Na sasa kuna bwawa la Thwake, litatega maji ya Athi hayohayo kwa ajili ya kunywa, na bwawa likituliza maji tope linakaa chini. Makueni na Kitui nao wana haki ya kujua kabla hawajafunguliwa mabomba.

Ninachoomba: pimeni maji PAMOJA na tope, chini ya Dandora, Athi karibu na Thwake, Galana, na Baricho kwenyewe, wakati wa kiangazi na wakati wa masika. Katiba kifungu cha 43 inatupa maji safi na salama, cha 35 inatupa haki ya kupata habari. Majibu yabandikwe ofisi za maji Malindi, Kilifi na Mombasa, kwa Kiswahili, yawe mazuri yawe mabaya.